Kushona Mtandao Binafsi wa Mteja Mmoja kwa Watoa Huduma Wawili: Mwongozo kwa Wahandisi wa Mpakani

Ushirika wa akiba na mikopo wenye matawi Arusha, Moshi na Nairobi mara nyingi hauwezi kupata huduma ya mtandao binafsi kutoka kwa kampuni moja tu. Kampuni iliyofikisha faiba mlangoni pa tawi la Moshi haina nguzo hata moja Nairobi, na ile inayohudumia jengo la Nairobi inaishia Namanga. Mteja naye haombi intaneti. Anachotaka ni matawi yake yaonane kana kwamba yamo katika jengo moja, na mtu wa nje asiyaone kabisa. Wahandisi wa kampuni hizo mbili ndio wanaopaswa kuishona mitandao yao mahali pamoja, kwa ajili ya mteja huyo peke yake, bila kuchanganya wateja wengine na bila kila upande kumfunulia mwenzake mambo ya ndani ya mtandao wake.

Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao mimi huutumia katika kazi hiyo. Nimechukulia kwamba kila kampuni tayari inatoa huduma ya mtandao binafsi (VPN) juu ya MPLS, yaani ufundi wa kusafirisha pakiti kwa kuzibandika lebo, ndani ya mtandao wake, na kwamba msomaji anaifahamu BGP, itifaki ambayo rauta huitumia kuambiana njia. Katika mifano, kampuni ya upande wa Tanzania nitaiita AS 64496 na ya upande wa Kenya AS 64500; AS ni mtandao ulio chini ya usimamizi mmoja, unaotambulika katika BGP kwa namba yake. Namba hizo zimetengwa kwa ajili ya maandishi ya mafunzo, kwa hiyo hazimhusu mtoa huduma yeyote aliyepo.

Hatua ya kwanza: ijue njia ya faiba kabla ya njia ya pakiti

Swali la kwanza la kumuuliza mwenzako ni hili: mitandao yetu itakutana wapi, kwa anwani ya jengo, namba ya chumba na namba ya raki? Jibu la jumla kama vile «tutaonana Nairobi» halitoshi, kwa sababu kampuni mbili zinaweza kuwa na vifaa katika mji mmoja na bado pakiti zao zikakutana Ulaya.

Hesabu ndogo itakuonyesha ukweli. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kila kilomita 100 hugharimu nusu milisekunde kwenda na nusu nyingine kurudi. Barabara ya Arusha hadi Nairobi kupitia Namanga haifiki kilomita 300, kwa hiyo umbali wenyewe unadai takriban milisekunde 3 kwenda na kurudi, na hata ukiongeza mizunguko ya faiba na muda wa vifaa vya njiani, hutarajii kuona zaidi ya 10 au 15. Ukipima ukakuta 150, pakiti za mteja wako zinavuka bahari ili kufika kwa jirani. Hilo si suala la kasi tu. Tarehe 12 Mei 2024, hitilafu katika mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilivuruga mawasiliano ya nchi nyingi za ukanda huu, Tanzania ikiwemo, na huduma binafsi iliyokuwa inazunguka baharini haikuwa na kinga yoyote wakati huo, hata kama matawi yenyewe yalitenganishwa na mwendo wa saa chache kwa basi.

Mahali pa kukutania panaweza kuwa kibanda cha vifaa mpakani, Namanga, Holili au Horohoro, au kituo cha data ambacho kampuni zote mbili zina raki. Mimi hupendelea kituo cha data, kwa sababu ya umeme wa uhakika na kwa sababu fundi hufika hapo usiku bila kuomba ruhusa ya mamlaka tatu. Usidhani kwamba kwa kuwa nyote wawili mmeunganishwa na TIX au KIXP, vituo vya kubadilishana intaneti vya Tanzania na Kenya, basi kazi imekwisha. Vituo hivyo vimejengwa ili watoa huduma wabadilishane njia za intaneti ya umma katika swichi moja ya pamoja, na mtandao wa siri wa mteja hauna nafasi katika uwanja huo wa wazi. Omba faiba ya moja kwa moja kati ya raki yako na ya mwenzako, au VLAN, yaani mtandao uliotengwa ndani ya swichi, ya watu wawili tu ikiwa mwenye kituo anaruhusu.

Hatua ya pili: kubalianeni kwa maandishi

Nimeona kazi ya siku mbili ikichukua miezi miwili kwa sababu wahandisi walianza kuandika amri kwenye rauta kabla ya kuandika makubaliano. Waraka hauhitaji kuwa mrefu. Uwe na jina la huduma ambalo pande zote mbili zitalitumia katika tiketi, namba ya VLAN, anwani za kiungo, namba za AS, orodha kamili ya mitandao ya mteja kila upande, idadi ya juu ya njia zitakazokubaliwa, ukubwa wa pakiti, madaraja ya ubora, na namba za simu za vyumba vya ufuatiliaji vinavyofanya kazi saa 24.

Orodha ya mitandao ya mteja ndiyo inayohitaji macho makali zaidi. VPN ya MPLS inaruhusu wateja wawili tofauti kutumia anwani zilezile za faragha, kwa sababu kila mteja ana jedwali lake la njia, ambalo mafundi wote huliita VRF, na kila njia hubandikwa alama ya baiti 8 iitwayo RD ili isifanane na ya mteja mwingine. Lakini ndani ya mteja mmoja hakuna muujiza wa namna hiyo. Ikiwa tawi la Moshi linatumia 192.168.1.0/24 na tawi la Nairobi nalo linatumia hiyohiyo, na hili ni jambo la kila siku kwa vyama vilivyoungana baada ya kukua kila kimoja kivyake, hakuna ufundi wa mpakani utakaoyafanya yaonane vizuri. Mwambie mteja mapema abadilishe anwani za upande mmoja. Tafsiri ya anwani, yaani NAT, itakuvusha kwa mwezi mmoja, lakini ikiachwa ibaki, kila fundi atakayekuja baada yako atapoteza saa nzima akitafuta anwani isiyokuwepo popote.

Jambo la namna hiyohiyo ni namba ya AS ya mteja. Akitumia namba moja katika matawi yote, rauta ya tawi la Nairobi itaiona namba yake yenyewe katika njia iliyotoka Moshi na kuikataa ikidhani ni mzunguko. Zipo amri za kulikwepa hilo, ila kila tawi likipewa namba yake kati ya 64512 na 65534, zilizotengwa kwa matumizi binafsi, tatizo halitokei kabisa.

Mnapoandika waraka huo, kumbukeni pia kwamba data za wanachama zitavuka mpaka. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya ulinzi wa data ya mwaka 2019. Zote mbili zinagusa usafirishaji wa taarifa nje ya nchi. Wajibu mkubwa ni wa mteja, lakini ni haki yake kuambiwa na wewe pakiti zake zinapita wapi.

Hatua ya tatu: chagua namna ya kuunganisha

Waraka wa viwango vya intaneti RFC 4364 wa Februari 2006, katika kifungu chake cha 10, unaeleza namna tatu, na mafundi wamezoea kuziita A, B na C. Vitabu vingi huzilinganisha kwa uwezo wa kubeba wateja wengi. Mimi naona swali la msingi ni lingine: kampuni hizi mbili zinaaminiana kiasi gani?

Katika namna A, rauta ya mpakani ya kila upande humchukulia mwenzake kana kwamba ni rauta ya mteja. Kila mteja ana VLAN yake juu ya faiba ya pamoja, VRF yake kila upande, na kikao chake cha BGP. Pakiti zinazovuka ni pakiti za kawaida za IP, zisizo na lebo yoyote ya MPLS. Hakuna anayeona RD za mwenzake wala anwani za rauta zake za ndani. Gharama yake ni kwamba kila mteja mpya anahitaji kazi ya mikono pande zote mbili.

Katika namna B, rauta mbili za mpakani huwa na kikao kimoja cha BGP kinachobeba njia za wateja wote pamoja na RD, lebo, na alama za RT zinazoamua njia iingie katika jedwali la nani. Pakiti huvuka zikiwa na lebo. Mteja mpya huongezwa kwa kuruhusu alama yake tu, bila VLAN mpya.

Namna C huenda mbali zaidi: rauta za mpakani hubadilishana njia za kufikia rauta za ukingoni za ndani, yaani zile zinazowaunganisha wateja, na njia za wateja hupitishwa moja kwa moja kati ya seva za njia (route reflector) za kampuni hizo mbili. Inafaa pale AS zote mbili zinapokuwa za mwenye mali mmoja, kwa mfano kampuni tanzu za nchi mbili zilizo chini ya kampuni mama moja. Baina ya kampuni zinazoshindana siipendekezi, kwa kuwa inamweka mwenzako katikati ya mtandao wako.

Kama una wateja watano, au ishirini, anza na A. Inapofeli, kila upande unaweza kupima hadi mwisho wa mtandao wake na kusema kwa hakika tatizo liko kwangu au liko kwako, na katika kazi ya kampuni mbili, uwezo huo wa kugawanya lawama kwa haki ni wa thamani kuliko wepesi wa kuongeza wateja. Hamia B pale wateja wa pamoja wanapokuwa wengi kiasi kwamba kuwaongeza kwa mikono kunazaa makosa.

Hatua ya nne: jenga namna A

Anza na faiba yenyewe. Pima nguvu ya mwanga kila upande na uandike tarakimu hizo, kwani siku kiungo kitakapoanza kusuasua utahitaji kujua kilikuwaje kilipokuwa kipya. Kisha tengeneza VLAN ya mteja, tuseme 310, uweke kiolesura chake ndani ya VRF ya mteja kabla ya kukipa anwani. Katika rauta nyingi, kukihamisha kiolesura kwenda VRF nyingine hufuta anwani iliyokuwepo, na ukifanya kinyume utashangaa kwa nini kiungo hakijibu.

Anwani za kiungo ziwe /30 au /31, yaani mtandao mdogo wa anwani mbili tu zinazotumika, zisizogongana na za mteja. Funga kikao cha BGP kati ya 64496 na 64500 ndani ya VRF hiyo. Wapo wanaotumia njia tuli, yaani zilizoandikwa kwa mkono, kwa sababu ni chache na rahisi, siwaungi mkono. Ikiwa kuna swichi katikati, faiba inaweza kukatika ng'ambo ya swichi huku kiolesura chako kikiendelea kuonekana kizima, na njia tuli itaendelea kumwaga pakiti shimoni. BGP itagundua, lakini kwa muda wake wa kawaida wa sekunde 90 hadi 180, ambao ni mrefu mno kwa keshia aliye na mwanachama dirishani. Ongeza BFD, itifaki ya kukagua haraka kama jirani yu hai: ikituma kila milisekunde 300 na kusubiri kukosa mara tatu, inatambua katika muda usiofika sekunde moja.

Kabla ya kukiacha kikao kiinuke, weka vizuizi vinne. Chujio la njia liruhusu mitandao iliyomo kwenye waraka tu. Idadi ya juu ya njia iwekwe, kwa mfano 50 kwa mteja mwenye matawi kumi na mawili, ili kosa la mwenzako lisijaze jedwali lako. Nywila ya kikao iwepo. Na rauta ikubali ujumbe wa BGP kutoka kwa jirani wa moja kwa moja tu, kwa kukagua kwamba TTL, namba ya pakiti inayopungua kila inapopitishwa na rauta, imefika ikiwa 255. Hakikisha vilevile kwamba MPLS haijawashwa kwenye kiolesura hicho, kwa maana katika namna A hakuna lebo halali inayoweza kuingia kutoka nje.

Mkiwa na viungo viwili, mmoja Namanga na mwingine Horohoro, amueni upi ni mkuu kwa pande zote mbili. Upande mmoja ukipendelea Namanga na mwingine Horohoro, pakiti zitaenda huku na kurudi kule, na faiwoli ya mteja itakata mawasiliano ambayo haikuyaona yakianza.

Ukienda namna B

Mambo matatu huwakwaza watu hapa. La kwanza, rauta ya mpakani kwa desturi hutupa njia za wateja ambao haina VRF zao, hivyo ni lazima uizime tabia hiyo kwa makusudi, kisha uweke mahali pake chujio lako la RT. Ukizima bila kuweka chujio, umefungua mlango kwa wateja wote. La pili, RT za kampuni mbili hazifanani. Ama mkubaliane juu ya alama moja ya pamoja kwa kila mteja, kama 64496:310, au kila upande ubadilishe alama mpakani. La tatu, rauta ijitangaze yenyewe kuwa kituo kinachofuata inapozipeleka njia ndani, la sivyo rauta za ukingoni hazitajua namna ya kuifikia anwani ya jirani.

RFC hiyohiyo inaonya pia kwamba rauta ya mpakani isipokee kamwe pakiti yenye lebo ambayo haikuitoa yenyewe kwa jirani huyo. Kagua kwa vitendo kama rauta yako inalitekeleza hilo. Lebo ni namba ya biti 20 tu, na anayeweza kuikisia anaweza kuingia katika VPN isiyo yake.

Hatua ya tano: ukubwa wa pakiti

Hapa naomba msomaji atulie, kwa kuwa kosa hili limenigharimu. Wakati mmoja tuliunganisha mteja kwa namna B, kila kitu kikaonekana chema: BGP imeinuka, njia zote zipo, matawi yanajibu. Asubuhi yake tawi moja likasema mfumo unafunguka hadi ukurasa wa kuingia, halafu unaganda. Tulitafuta siku mbili kwenye seva za mteja. Kumbe katikati kulikuwa na swichi ya mtu wa tatu iliyokataa chochote kilichozidi baiti 1500. Pakiti ndogo za majaribio zilipita, na pakiti kubwa iliyoongezewa lebo ya baiti 4 ilizimwa kimya kimya.

Kwa hiyo fanyeni hesabu mapema. Namna A haiongezi kitu juu ya pakiti ya IP ila alama ya VLAN. Namna B huongeza lebo moja, yaani 1504 mpakani. Namna C kwa kawaida huongeza mbili, 1508, na ndani ya mtandao zinaweza kufika tatu. Ombeni kiungo cha baiti 1600 angalau, na kama vifaa vinaruhusu, 9000. Kisha msiamini karatasi. Pimeni kutoka tawi hadi tawi kwa pakiti kamili isiyoruhusiwa kukatwa:

ping -M do -s 1472 10.20.8.1

Baiti 1472 pamoja na 8 za kichwa cha ICMP na 20 za kichwa cha IP ni 1500 kamili. Ikipita hiyo, mmevuka. Ikikwama na ya 1400 ikapita, kuna kifaa njiani kinachobana, na mtafute kifaa hicho badala ya kupunguza ukubwa kwenye kompyuta za mteja.

Mwelezeni mteja pia kwamba VPN ya MPLS inatenganisha, haifichi. Mwenye swichi ya katikati anaweza kusoma kilichomo. Chama cha fedha kinapaswa kuweka IPsec, yaani handaki la usimbaji fiche, kutoka rauta ya tawi hadi rauta ya makao makuu, na kwa kuwa IPsec nayo hula baiti, kipunguze MTU ya handaki, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, hadi 1400 na MSS ya TCP, yaani ukubwa wa juu wa data ndani ya pakiti, hadi 1360.

Kuhusu ubora, andikeni daraja la sauti la upande mmoja linaitwaje upande wa pili. Sauti huwekwa kwa desturi DSCP 46, DSCP ikiwa ni namba ya daraja katika kichwa cha pakiti ya IP. Mwenzako asipoiheshimu namba hiyo, simu zitakatika kila kiungo kinapojaa. Pakiti zenye lebo hubeba biti 3 tu za daraja, kwa hiyo katika namna B na C tumieni madaraja machache.

Hatua ya sita: jaribuni, kisha kabidhini

Kuona matawi yanajibu ni nusu ya jaribio. Nusu ya pili ni kuhakikisha kisichopaswa kuonekana hakionekani. Kaeni kwenye rauta ya tawi mjaribu kufikia mtandao wa mteja mwingine, anwani za rauta za ndani za kampuni zote mbili, na intaneti. Majibu yote yawe kimya. Halafu, mteja akiwepo, chomoeni faiba ya kiungo kikuu na mpime sekunde zinazopita kabla ya kiungo cha akiba kushika kazi, mrudishe, mpime tena. Huduma ambayo haijawahi kukatwa kwa makusudi haijajaribiwa.

Mnapopanga muda wa kazi, andikeni saa kwa mtindo wa tarakimu 24. «Saa tano usiku» kwa msemaji wa Kiswahili ni 23:00, lakini ikipita katika barua pepe ya Kiingereza yaweza kugeuka 05:00, na fundi mmoja akakata kiungo huku mwenzake amelala. Tanzania na Kenya zinatumia saa zilezile; ikiwa mwenzako yuko Kigali au Bujumbura, ambako saa iko nyuma kwa saa moja, andikeni na nchi.

Chumba cha ufuatiliaji kila upande kipewe ukurasa mmoja: mchoro wa kiungo, jina la huduma kwa pande zote mbili, tarakimu za mwanga, na amri tatu za kukagua kikao, njia na ukubwa wa pakiti. Tiketi ifunguliwe pande zote mbili kwa wakati mmoja, bila kusubiri upande mmoja ujiridhishe kwamba kosa si lake.

Na siku mteja atakapoondoka, fungeni kwa mpangilio ulio kinyume cha ule mliofungulia: zimeni kikao, ondoeni chujio, VLAN, VRF na RT pande zote mbili, kisha futeni mstari wake katika waraka wa pamoja na kuweka tarehe. VLAN 310 isipewe mteja mwingine hadi pande zote mbili zithibitishe kwa maandishi kwamba imeondolewa, kwa sababu upande mmoja ukisahau, mteja mpya ataamka akiwa ndani ya mtandao wa yule wa zamani.